Aliyetoa Mbegu Ndiye Asimamaye Kwenye Mizani

Ndugu msomaji, leo naandika nikiwa mshtakiwa kwanza, mshtaki baadaye.

Msimu uliopita wa pamba nilikuwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Nilisimama nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika nikitazama mizigo ikipimwa, mmoja baada ya mwingine, na karani akiandika kilo katika daftari lake. Mama mmoja akanitambua. "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitikia, "Mwangaluka, mayu." Tulipomaliza kujuliana hali, akaniuliza bila mzunguko: "Zile picha mlizopiga shambani kwangu zimefika wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Misimu miwili kabla ya hapo nilifika shambani kwake na wanafunzi wangu wawili, simu nne na fomu za ridhaa. Tulipita mstari kwa mstari tukipiga picha majani yaliyojikunja kwa chawajani na vitumba vilivyotobolewa na funza. Tulimweleza kwamba picha zikitosha, mashine itajifunza kuwatambua wadudu hao, na simu itaweza kumshauri kama apulize dawa au asubiri. Akatupa siku nzima ya palizi. Hakudai posho.

Mradi ule uliendeshwa kwa kile kinachoitwa fedha za mbegu: kiasi kidogo ambacho hutolewa ili watafiti walijaribu wazo kabla ya kuomba fedha kubwa. Mfadhili alikuwa wa nje, na washirika walikuwa wawili, chuo chetu na chuo kimoja cha ng'ambo. Miezi 12 ikaisha. Makala ikachapishwa, jina langu likiwa la nne. Picha zimehifadhiwa katika seva ambayo ufunguo wake sinao, kwa kuwa mkataba nilioutia saini bila kuusoma hadi mwisho unasema mwenye mali ni mshirika mkuu. Hakuna chochote kilichorudi Kishapu, wala simu iliyofundishwa, wala karatasi moja ya maelezo.

Nikamjibu mama yule, "Tunashughulikia, mayu." Watumishi wa umma mnaonisoma mnaifahamu sentensi hiyo. Ndiyo tunayoitumia pale ambapo hakuna anayeshughulikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa lilianzia wapi. Ningeweza kumlaumu mfadhili, lakini mfadhili alitimiza kila alichoahidi katika mkataba. Ningeweza kuulaumu uzembe wangu, na ninaulaumu. Lakini jibu lenyewe lilikuwa palepale ghalani, mbele ya macho yangu. Mkulima wa pamba wa Kishapu amezoea kupewa mbegu na viuatilifu kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, na siku ya kuuza gharama ile kukatwa. Haoni ajabu kumkuta mdai wake kwenye mizani. Anajua jambo ambalo sisi wenye shahada tatu tumeshindwa kulijua, kwamba aliyetoa mbegu ana sauti katika mavuno. Sisi tuliipokea mbegu, tukailima kwa jasho la watu wengine, kisha tukashangaa mavuno yalipochukuliwa.

Hoja yangu leo ni moja. Katika utafiti wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, shilingi ya kwanza ndiyo inayouliza swali. Kama shilingi hiyo si yetu, swali halitakuwa letu, na jibu halitarudi kwetu. Kwa hiyo Tanzania inapaswa kutenga fedha zake yenyewe za mbegu, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya utafiti wa pamoja kati ya vyuo vyake vikuu, na izitenge sasa.

Sitaki kuwa mnyimi wa shukrani. Yapo mema yaliyotokana na fedha za wageni, nami nayakiri. Tangu mwaka 2020 mpango wa AI4D, uliofadhiliwa na kituo cha IDRC cha Kanada pamoja na shirika la Sida la Sweden, umewawezesha watafiti wengi wa Afrika, na Chuo Kikuu cha Dodoma kimepata maabara kwa njia hiyo. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imekusanya picha za mahindi, migomba na maharage, na imefanya kazi ya kutambua magonjwa ya kuku kwa picha za kinyesi. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyofundisha mashine kuyatambua magonjwa ya muhogo kwa picha zilizopigwa mashambani hapa nchini. Katika jitihada hizo ikazaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo intaneti. Anayesema Mtanzania hawezi utafiti huu hajafungua macho.

Lakini tazama mambo ambayo hayajaulizwa. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Taifa zima lilistaajabu, kisha likasahau. Agosti 2025, huko Nyandolwa, Shinyanga, wachimbaji zaidi ya 20 walifukiwa, na mara hii tulizika. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka 10, ambayo ndani yake mashine zilijifunza kuchora, kutunga na kusoma picha za mapafu. Katika miaka hiyo nimesoma matangazo mengi ya kuomba fedha za utafiti. Sijaona hata moja lililouliza kama mitetemo ya ardhi, mvua za wiki na picha za satelaiti zinaweza kutuonya kwamba duara fulani linakaribia kuporomoka. Wala sijaona lililouliza ni mialo ipi ya Geita inayomwaga zebaki karibu na visima, au namna ya kumsikiliza bibi anayejieleza kwa Kisukuma mbele ya mganga asiyejua Kisukuma.

Maswali hayo hayana ugumu wa ajabu. Hayaulizwi kwa sababu wenye fedha hawaishi Kahama. Huwezi kumlaumu mtu wa Ottawa kwa kutoota ndoto za Nyandolwa. Lawama ni yetu sisi tunaolala Shinyanga tukiota ndoto za Ottawa, kwa kuwa ndizo zenye fomu ya maombi.

Chukua mfano wa lugha. Mei 2021 shirika la Mozilla lilitangaza kupata dola milioni 3.4 kutoka Wakfu wa Gates, shirika la GIZ la Ujerumani na serikali ya Uingereza, ili kukusanya sauti za Kiswahili. Kazi hiyo ni njema, na sauti hizo ziko wazi kwa yeyote duniani kuzitumia. Lakini uwazi kati ya mwenye ghala la kompyuta na mwenye kompyuta moja inayozimika umeme ukikatika si usawa. Tena jiulize, ndugu msomaji: katika nchi iliyoifanya lugha hii kuwa ya taifa, na inayojigamba kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, kwa nini fedha za kuisikilizisha mashine Kiswahili zilisubiri Seattle, Ujerumani na London?

Watu wa ukanda huu hawahitaji mhadhara mrefu kuhusu kuuza kitu kikiwa ghafi. Mwadui iko wilaya hiihii ya Kishapu. Mwaka 1947 ilichimbwa hapo almasi ya waridi yenye karati 54.5, ikapewa zawadi binti wa mfalme wa Uingereza, na ikachongwa London. Sisi tulibaki na shimo pamoja na hadithi. Machi 2017 makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na hata muuza karanga wa Kahama akajua kwamba tulikuwa tukisafirisha mchanga ambao hatukuwa na uhakika wa kilichomo. Tukatunga sheria, tukajadiliana, tukaahidiwa dola milioni 300 za "kishika uchumba", na leo Serikali ina hisa asilimia 16 katika migodi hiyo.

Nauliza basi: picha za mashamba yetu, sauti za mama zetu na vipimo vya wagonjwa wetu ni nini, kama si makinikia mapya? Tofauti ni kwamba haya hayapiti bandarini. Hakuna kontena la kuzuia wala afisa forodha wa kuuliza. Yanaondoka usiku kwa kubonyeza kitufe kimoja, na anayebonyeza ni mimi, mhadhiri mzalendo, kwa sababu kipengele cha mkataba kinanitaka nifanye hivyo kabla ya kulipwa awamu ya pili. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, nami naiheshimu. Lakini jani la pamba halina jina wala namba ya NIDA. Sheria ile inamlinda mtu. Shamba lake hailigusi.

Ipo hatari nyingine, ya kuamka asubuhi na kukuta mfuko wa jirani umefungwa. Juni 2023 serikali ya Sweden ilisitisha fedha za utafiti wa maendeleo, na Baraza la Utafiti la nchi hiyo likafuta ushindani ambao watafiti walikwisha kutuma maombi yao. Mwaka 2025 shirika la USAID la Marekani lilifungwa, na miradi ikakatika kama kamba iliyooza. Sisemi walikosea. Fedha ni zao, na kura ni za wananchi wao. Nasema tu kwamba taifa linalopanga utafiti wake kwa kutazama uchaguzi wa nchi nyingine halijapanga lolote.

Je, tunaweza kuanza sisi? Shinyanga yenyewe inajibu. Katika miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukigeuka jangwa. Miti ilikuwa imefyekwa, mifugo ilikuwa mingi, udongo uliondoka na upepo. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu hawakuagiza maarifa kutoka nje. Waliyachukua maarifa ya Wasukuma wenyewe, ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lipumzike ili lije kuliwa wakati wa kiangazi. Norway ilichangia fedha, na kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kikachangia utaalamu. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa ya kijani, na dunia ikaja kujifunza. Wageni walikuwepo na fedha zao zilisaidia sana. Lakini swali lilikuwa la Shinyanga, na jibu lilibaki Shinyanga. Hayo ndiyo ninayoyataka katika akili unde.

Hata suala la vyuo kushirikiana si jipya kwetu. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Leo mtafiti wa Dodoma na mwenzake wa Makerere hufahamiana kwa mara ya kwanza katika mkutano ulioitishwa na mfadhili wa bara jingine. Na mhadhiri wa Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi lililo hapa Shinyanga, anayevijua vyama vya msingi kuliko mtu yeyote, hajawahi kuitwa mezani na mwalimu wa kompyuta wa Dodoma. Mmoja ana swali bila mashine, mwingine ana mashine bila swali. Kinachowatenganisha ni nauli ya basi na fedha kidogo za kuanzia.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nilikwisha kulisikia. Afisa mmoja wa halmashauri katika ukanda huu aliniambia kwa upole, "Daktari, mimi nadaiwa madawati na vyoo vya shule, wewe unaniletea akili unde?" Simdharau. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeuliza hivyohivyo. Lakini nina majibu mawili. Kwanza, hatulitumii swali la madawati kwa haki. Hatukuwahi kulitumia siku tuliponunua shangingi jipya la kiongozi. Thamani ya gari moja la aina hiyo inatosha kuotesha tafiti tatu au nne za mwaka mmoja, zenye shilingi milioni 60 kila moja. Pili, mkulima anayepuliza dawa mara sita pale ambapo mara tatu zingetosha anapoteza fedha ambazo zingemnunulia mtoto wake daftari. Utafiti unaomwonyesha mara tatu zile haushindani na dawati.

Wengine watasema milioni 60 ni kichekesho mbele ya mabilioni ya California. Ni kichekesho iwapo tunataka kujenga mashine inayojua kila kitu. Sisi tunataka mashine ndogo inayomjua funza wa vitumba wa Kishapu, na Nuru imekwisha kuonyesha kwamba maarifa ya namna hiyo yanaweza kukaa ndani ya simu ya kawaida.

Fedha zitoke wapi? Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Miaka inapita na ahadi hiyo haijatimizwa. Tunayo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake upo mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Chombo kipo, kilichopungua ni dirisha na nia. Aidha, katika ukanda huu migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake, na tangu 2017 sheria inaitaka iandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii kwa makubaliano na halmashauri. Kipande chembamba cha fedha hizo kikiwekwa pamoja na cha MTUSATE, swali la maduara yanayoporomoka linaweza kuanza kufanyiwa kazi mwaka huu wa fedha.

Lakini fedha bila masharti zitaliwa. Nawajua wenzangu, na najijua. Tutagombea mpangilio wa majina kwenye makala, tutageuza utafiti kuwa warsha, na warsha kuwa posho. Kwa hiyo napendekeza masharti manne. Swali litangulie: halmashauri, chama cha ushirika au chama cha wachimbaji wadogo ndicho kilete tatizo, vyuo vifuate. Waombaji wawe vyuo viwili, na kimoja lazima kiwe nje ya Dar es Salaam na Dodoma. Nakala kamili ya data ibaki nchini, ufunguo ukiwa mikononi mwa chuo kilicho karibu na wenye data. Mgeni akaribishwe, ila kwa masharti hayo. Na awamu ya mwisho ya fedha isilipwe mpaka watafiti warudi pale walipoanzia, wasimame mbele ya watu waliowapa siku yao ya palizi, waeleze kwa Kiswahili walichokipata, na kama hawakupata kitu waseme hivyo. Kushindwa kusiwe kosa katika fedha za mbegu. Kosa liwe kutorudi.

Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kuwafadhili vijana 50 kusomea sayansi ya data na akili unde nje ya nchi. Nawapongeza vijana hao na Serikali. Lakini watarudi kwenye maabara gani, wafanye kazi juu ya swali la nani? Tusipoandaa shamba kabla hawajarudi, tutakuwa tumewasomesha ili wawe vibarua hodari katika mashamba ya watu.

Wanafunzi, mkiitwa kukusanya data, ombeni kwanza kuuona mkataba na muulize ufunguo utabaki kwa nani. Wanaharakati, mlipigania makinikia. Haya nayo yanahitaji midomo. Watumishi wa umma, bajeti inaandaliwa na ninyi kabla haijasomwa na Waziri, na mstari mmoja unatosha kuanzia.

Nami nimekwisha kuandika barua kwa mshirika wetu kuomba nakala ya picha zote zilizopigwa Kishapu. Jibu bado halijafika. Likija zuri au baya, pamba ya msimu ujao ikianza kupimwa nitapanda basi mpaka Mhunze, nimtafute mama yule pale ghalani, nimweleze picha zake ziko wapi na kwa nini. Safari hii sitamwambia kwamba tunashughulikia.